London – Amsterdam: umbali, muda wa ndege na maswali mengine yanayoulizwa kila mara

Mimi naishi Amsterdam, upande wa Zuidoost. Dada yangu yuko Barking, mashariki mwa London. Njia hii nimeipita kwa ndege, treni, basi na meli, na kila likizo ikikaribia simu yangu hujaa maswali yaleyale kutoka kwa ndugu na watu wa kwenye magrupu. Nimeyaweka hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Mengi yanajibiwa kwa dakika moja. Ya viza yana mambo zaidi, kwa hiyo hayo yasome polepole.

## Umbali

Kutoka London hadi Amsterdam ni kilomita ngapi?

Kwa mstari ulionyooka, katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, ni karibu kilomita 358, yaani maili 222. Ukipima kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa Schiphol unapata karibu kilomita 370, au maili 230. Kwa wanaotaka kulinganisha na nyumbani, Dar es Salaam hadi Dodoma kwa anga ni mbali zaidi kidogo.

Mbona kila ninapoangalia napata namba tofauti?

Kwa sababu London haina uwanja mmoja. Ina viwanja sita vinavyobeba jina lake, na vimetawanyika: Heathrow upande wa magharibi, Gatwick kusini, Luton na Stansted kaskazini, City ndani ya jiji lenyewe, na Southend kule karibu na bahari. Kutoka Stansted hadi Schiphol ni kilomita kama 313 tu. Kutoka City ni 335, Luton 354, Gatwick 365. Southend ndio wa karibu kuliko yote, chini ya kilomita 300, lakini uliza mkazi yeyote wa London kama Southend ni London uone atakavyocheka.

Kitu cha pili ni kipimo. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na kwa kipimo hicho Heathrow–Schiphol ni maili 200. Mtu akikuambia "maili mia mbili" na mwingine "maili mia mbili thelathini", huenda wote wako sahihi.

Na kwa barabara?

Ni karibu kilomita 540, ukihesabu na kile kipande cha chini ya bahari. Kati ya miji hii miwili kuna Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo gari haliwezi kukata moja kwa moja. Linashuka kusini hadi Folkestone au Dover, linavuka hadi upande wa Calais, kisha linapanda tena kupitia Ubelgiji (Ghent, Antwerp) na kuingia Uholanzi kwa njia ya Breda na Utrecht. Bila foleni ni saa sita hadi saba, ila njia ya kuzunguka Antwerp isiyo na foleni mimi bado sijaiona.

## Muda wa kuruka

Ndege inachukua muda gani?

Tiketi itakuambia saa 1 na dakika 15 hadi saa 1 na dakika 25. Hewani hasa, kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena, ni dakika 40 hadi 50.

Kama hewani ni dakika 45, hizo nyingine zinakwenda wapi?

Zinaliwa chini. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka kwenye geti na unaisha inaposimama kwenye geti la upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na asubuhi ndege hupanga foleni kama daladala stendi. Schiphol ina njia sita, lakini mojawapo ni ile maarufu inayoitwa Polderbaan. Ilifunguliwa mwaka 2003, ina urefu wa mita 3,800, na iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ndege ikishatua hutembea chini kwa robo saa hivi, na njiani inapita juu ya daraja huku magari ya barabara kuu ya A5 yakipita chini yake. Wageni hushtuka. Mara ya kwanza mama alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, sasa tunakwenda Amsterdam kwa barabara?"

Halafu mashirika hujiongezea dakika chache za akiba kwenye ratiba ili kuchelewa kidogo kusionekane kuchelewa. Ndiyo maana mara nyingi unasikia rubani akitangaza kwa fahari kwamba mmefika kabla ya wakati.

Kwa nini dakika 45 zote, na ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa?

Kwa hesabu hiyo ya kilomita 370 kugawanya kwa 800 ungepata dakika 28. Tatizo ni kwamba kwenye safari fupi hivi ndege haipati nafasi ya kwenda kasi hiyo kwa muda mrefu. Inapanda, inakaa juu kidogo, mara nyingi futi elfu ishirini na kitu, na kabla hujamaliza chai inaanza kushuka. Pia haifuati mstari ulionyooka: lazima ifuate njia za kuondokea na za kuingilia zilizopangwa na waongozaji wa ndege, na kilomita zinaongezeka.

Ndege yetu ilizunguka hewani kama imepotea. Kulikuwa na shida?

Hapana. Ndege zinazokuja Heathrow huwekwa foleni angani kwa kuzungushwa sehemu maalumu hadi zamu yao ifike. Sehemu hizo ni nne: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Anayetoka Amsterdam kwa kawaida huzungushwa Lambourne, kaskazini-mashariki mwa jiji. Mizunguko miwili mitatu ni kawaida, hasa asubuhi na siku za ukungu.

Kwenda na kurudi ni muda uleule?

Karibu. Upepo wa juu kwenye anga hii mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda Amsterdam unasukumwa na kurudi London unapambana nao. Kwenye njia fupi kama hii tofauti ni dakika chache, na foleni ya Heathrow inaweza kuifuta kabisa.

Kuna ndege za usiku wa manane?

Usitegemee. Viwanja vya pande zote mbili vina masharti makali ya kelele za usiku. Ya kwanza huondoka alfajiri na ya mwisho usiku wa mapema. London City ndiyo kali zaidi: inafungwa Jumamosi mchana na haifunguliwi hadi Jumapili mchana. Wengi wamepanga harusi ya Jumamosi bila kulijua hilo.

## Saa: za huku, za kule na za Kiswahili

Tofauti ya saa ni ngapi?

Amsterdam iko mbele ya London kwa saa 1, mwaka mzima. Nchi zote mbili hubadilisha saa kwa wakati mmoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti kati yao haibadiliki. Inayobadilika ni tofauti na nyumbani: wakati wa baridi Afrika Mashariki iko mbele ya London kwa saa 3 na mbele ya Amsterdam kwa saa 2, wakati wa joto inakuwa 2 na 1.

Tiketi yangu inasema naondoka 08:00 na kufika 08:20. Wamekosea?

Hawajakosea. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Unaondoka Amsterdam saa mbili asubuhi, unasafiri saa 1 na dakika 20, lakini ukifika London unarudisha saa nyuma kwa saa 1, kwa hiyo ukutani pale ni saa mbili na dakika ishirini. Ukienda upande wa pili inakuwa kinyume: unaondoka London 10:00 na kufika Amsterdam 12:20, na watu hulalamika kwamba ndege ni ya saa mbili na ushee. Si kweli, saa 1 imemezwa na mpaka.

Hiyo 10:00 ni saa kumi?

Hapana! Ni saa nne asubuhi. Swali hili linachekesha mpaka likupate. Shangazi yangu, mtu mzima aliyesoma, alitazama 10:00 kwenye karatasi, akasoma "saa kumi", akaja uwanjani saa nane mchana akiwa ametulia, na mandazi yake kwenye kopo. Ndege ilikuwa imeshatua upande wa pili zamani. Tulilipa tiketi mpya.

Kanuni ni nyepesi: kwa saa za tiketi kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6 upate saa ya Kiswahili ya mchana. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 16:00 ndiyo saa kumi jioni. Kuanzia 19:00, toa 18: 19:00 ni saa moja usiku, 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Kuanzia 01:00 hadi 06:00, ongeza 6: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukimtumia mzee tiketi, mwandikie saa zote mbili.

Nikiwa nimefunga, nifuturu kwa saa ya wapi?

Jibu la kidini mwachie shekhe wako, ila wengi niliowasikia wanasema unafuata jua unaloliona mwenyewe ulipo. Upande wa anga ni huu: Amsterdam iko mashariki zaidi kwa nyuzi kama 5, na kila uzi 1 ni dakika 4, kwa hiyo kwa wastani jua linazama Amsterdam dakika kama 20 kabla ya London. Lakini kwa kuwa saa za Amsterdam ziko mbele kwa saa nzima, ukutani magharibi ya Amsterdam inaonekana kuchelewa kwa dakika 40 hivi. Ukiruka kuelekea London wakati wa magharibi unalifuata jua, na ukiwa juu unaliona kwa muda mrefu kuliko walioko chini. Kwa hiyo futari inachelewa. Kuelekea Amsterdam inawahi.

Kwa wanaopenda historia, Uholanzi wenyewe zamani walikuwa na saa yao, mbele ya London kwa dakika 19 na sekunde 32, baadaye wakaifanya dakika 20 kamili. Ilikufa Mei 1940, Wajerumani walipoivamia nchi na kuileta saa ya Berlin. Vita viliisha, saa ikabaki.

## Mlango hadi mlango

Basi nikitenga saa mbili zinatosha?

Hazitoshi hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Safari yangu ya mwisho niliishikia saa. Nilifunga mlango wa nyumbani 05:30. Treni kutoka Bijlmer ArenA hadi Schiphol ni kama robo saa, lakini niliisubiri. Ukaguzi wa usalama, kisha foleni ya pasipoti, kisha mwendo mrefu hadi geti. Ndege ya 08:00. Hewani nilihesabu dakika 46. Kisha pasipoti tena Heathrow, kusubiri begi, treni ya Elizabeth line hadi Whitechapel, kubadilisha, District line hadi Barking. Dada alinifungulia mlango 10:40 kwa saa za London, yaani 11:40 kwa saa niliyoondoka nayo. Jumla saa 6 na dakika 10, na ndani yake kuruka ni dakika 46.

Siku nzuri, bila begi la kukabidhi, na kwa anayekaa karibu na uwanja, unaweza kufanya saa nne na nusu. Chini ya hapo ni bahati.

Nifike uwanjani mapema kiasi gani?

Saa 2 kabla, na 2 na nusu kama una begi la kukabidhi au ni msimu wa likizo. Kumbuka Uingereza haimo Schengen (zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao), kwa hiyo tofauti na safari ya Amsterdam–Paris, hapa lazima upite kwa maofisa wa mpakani pande zote mbili. Foleni ya usalama ikiwa fupi usifurahi mapema, ya pasipoti inakusubiri mbele.

Kutoka uwanjani hadi mjini ni mbali?

Schiphol ni raha. Stesheni iko chini ya jengo lenyewe, na treni hadi Amsterdam Centraal ni kama robo saa. Jambo la ajabu kuhusu Schiphol ni kwamba uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari. Eneo lote lilikuwa ziwa, Haarlemmermeer, lililokaushwa kwa pampu za mvuke na kumalizika mwaka 1852.

London inategemea uwanja. Heathrow una treni ya haraka hadi Paddington ya dakika 15, ghali. Elizabeth line, bei ya kati na kwa maoni yangu ndiyo bora. Na Piccadilly line, rahisi kwa mfuko lakini karibu saa nzima. Gatwick hadi Victoria ni nusu saa. Stansted hadi Liverpool Street ni dakika 50 hivi. City ndio wa karibu kuliko wote: treni ndogo ya DLR hadi Bank ni kama dakika 22. Tiketi ya ndege ya bei poa kutoka Stansted au Luton ijumlishie nauli ya treni kabla hujaifurahia.

Uwanja upi wa London ni bora?

Ule ulio karibu na unakolala. Kwa wa mashariki (Barking, Ilford, East Ham) ni City au Stansted. Kwa wa magharibi na Reading ni Heathrow. City ina njia fupi ya kurukia, mita 1,508, na ndege huishukia kwa mwinamo mkali wa nyuzi 5.5 pale ambapo kwingine ni 3, kwa hiyo wanaoogopa ndege nawashauri waiepuke, au wafumbe macho.

## Njia nyingine

Treni inachukua muda gani?

Karibu saa 4 kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi Amsterdam Centraal bila kubadilisha, kupitia Brussels na Rotterdam. Njia ya chini ya bahari ina urefu wa kilomita 50, na 38 kati ya hizo ziko chini ya maji. Utakaa humo dakika 20 hivi na hutaona samaki hata mmoja, mwanangu alisikitika sana.

Treni ya moja kwa moja kutoka London ilianza Aprili 2018. Kurudi bila kushuka Brussels kulikuja baadaye, Oktoba 2020, kisha kukasimama katikati ya 2024 kwa ajili ya ujenzi wa stesheni ya Amsterdam, na kukarejea Februari 2025. Ukikuta ushauri wa zamani unaosema "lazima ubadilishe Brussels", umepitwa na wakati.

Sasa treni au ndege, ipi ina kasi?

Mlango hadi mlango zinakaribiana mno. Treni inakuchukua katikati ya jiji na kukushusha katikati ya jiji, begi halipimwi kwa kilo, na mpaka unaumaliza kabla ya kupanda: ukitoka London unakaguliwa pasipoti na polisi wa Ufaransa palepale St Pancras, na ukitoka Amsterdam maofisa wa Uingereza wako stesheni. Ukishuka unatembea tu. Mimi nikisafiri na watoto nachukua treni bila kufikiri. Nikiwa peke yangu na nauli ya treni imepanda, na hupanda vibaya ukichelewa kununua, nachukua ndege.

Basi je?

Saa 10 hadi 12, kwa kawaida usiku, kutoka Victoria Coach Station. Ndiyo nauli ya chini kuliko zote. Utaamshwa usiku wa manane kushuka na kuonyesha pasipoti, utapanda tena, utalala, utaamka Ubelgiji. Ukiwa kijana si mbaya.

Na meli?

Hii watu wengi hawaijui na mimi naipenda. Treni kutoka Liverpool Street hadi Harwich International, kisha feri hadi Hoek van Holland, kama saa 7 mchana, au unapanda usiku, unalala kwenye kabini yako na kuamka Uholanzi. Palepale bandarini kuna metro hadi Rotterdam, na kutoka Rotterdam kuna treni nyingi za Amsterdam. Kuna tiketi moja inayojumuisha treni na meli. Bahari ya Kaskazini wakati wa baridi hutikisika, beba tangawizi.

## Pasipoti, viza na mizigo

Nina viza ya Schengen. Naweza kuruka kwenda London kwa wikiendi?

Kwa hiyo viza pekee, hapana. Schengen ni Schengen na Uingereza ni Uingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Uingereza kuingia London, na ya Schengen kuingia Amsterdam. Hata kama unaishi Uholanzi kwa kibali halali, kibali hicho hakikuingizi London. Vivyo hivyo kwa anayeishi London: kibali cha Uingereza hakikuingizi Amsterdam. Kilomita 358, na kuna watu wameishi ng'ambo moja miaka kumi bila kuiona nyingine kwa sababu ya karatasi hii.

Ile ETA ya Uingereza mnayoisikia, yaani kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni, ni ya watu wasiohitaji viza. Mwenye pasipoti ya Uholanzi anaihitaji tangu 2 Aprili 2025. Kwa hiyo katika familia moja baba anaweza kuomba ETA kwa simu akiwa kitandani, na mama akaenda kutoa alama za vidole na kungoja wiki kadhaa.

Nilipewa viza ya kuingia mara moja. Kuna tatizo nikienda London na kurudi Amsterdam?

Kubwa. Ukitoka Schengen kwenda London umeshaitumia ile mara moja. Ukirudi Schiphol hutaruhusiwa kuingia, na kwa kweli hata kwenye ndege ya kurudi hutapandishwa. Kama mpango wako una miji yote miwili, omba viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na uambatishe ratiba inayoonyesha kwa nini. Njia nyingine ni kupanga London iwe ya kwanza au ya mwisho, usiiweke katikati.

Natoka Nairobi na kubadilisha ndege tu. Nahitaji viza ya kupita?

Inategemea unabadilishia wapi. Ukibadilishia Schiphol kwenda London kwa tiketi moja, unabaki upande wa kimataifa na huingii Uholanzi. Wakenya, Watanzania na Waganda hawamo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani. Wakongo wa DRC na Wasomali wamo.

Ukibadilishia Heathrow kwenda Amsterdam mambo ni magumu zaidi. Uingereza inawataka raia wa nchi zote nilizozitaja hapo juu wawe na viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja. Baadhi ya viza na vibali vya ukaazi vya nchi nyingine huondoa sharti hilo, lakini viza ya kawaida ya kitalii ya Schengen haimo. Kwa hiyo kama unakwenda Amsterdam, tiketi ya kupitia London iliyoshuka bei iangalie mara mbili. 

Nimenunua tiketi mbili tofauti, Nairobi–Amsterdam na Amsterdam–London. Ni sawa?

Ni sawa mpaka ya kwanza ichelewe. Kwa tiketi mbili, ukikosa ya pili hakuna anayewajibika kwako. Na begi likibidi kuchukuliwa na kukabidhiwa upya, itabidi uingie Uholanzi rasmi, kwa hiyo jibu lililotangulia linabadilika: sasa unahitaji viza ya Schengen kamili. Nunua tiketi moja.

Kuna alama za vidole mpya mpakani?

Ndiyo, upande wa Schengen. Mfumo unaoitwa EES ulianza 12 Oktoba 2025 kwa awamu: wageni wa muda mfupi wasio raia wa Ulaya hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole badala ya muhuri. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hahusiki, ila akae foleni iliyo sahihi. Mara ya kwanza inachukua muda, kwa hiyo rudi kwenye swali la kufika mapema.

Naweza kumpelekea dada jibini na nyama?

Sasa hivi hapana, pande zote mbili. Kutoka Uingereza kuingia Umoja wa Ulaya nyama na maziwa vilizuiwa tangu Brexit. Kutoka Ulaya kuingia Uingereza, tangu 12 Aprili 2025 wasafiri wamezuiwa kubeba nyama na bidhaa za maziwa za ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, hata zikiwa zimefungwa vizuri na hata zikinunuliwa duka la uwanjani. Lile jibini jekundu la mviringo linalouzwa Schiphol na kupigiwa picha na kila mgeni limo. Peleka stroopwafel, zile biskuti za Kiholanzi.

## Gharama na matatizo

Kwa nini nauli ya kwenda haifanani na ya kurudi?

Sehemu kubwa ni kodi. Anayeondoka Uholanzi hulipa kodi ya ndege ya karibu euro 30 kwa kichwa, na anayeondoka Uingereza kwa daraja la kawaida hulipa pauni kumi na kitu, ambayo watoto chini ya miaka 16 wanasamehewa. Nyingine ni msimu: Aprili kuna maua ya tulipu na Siku ya Mfalme tarehe 27, na nauli ya kuja Amsterdam hupaa kabla ya ndege.

Ndege imechelewa. Nalipwa?

Ukifika ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi na sababu ni ya shirika lenyewe, fidia kwa safari ya chini ya kilomita 1,500 ni euro 250 kwa sheria ya Ulaya ukiondoka Amsterdam, au pauni 220 kwa sheria ya Uingereza ukiondoka London. Haijalishi pasipoti yako ni ya wapi wala tiketi ilikuwa ya bei gani. Nimewahi kulipwa fidia iliyozidi nauli mara nne.

Sababu ikiwa ukungu, dhoruba au mgomo wa waongoza ndege hakuna fidia ya pesa, lakini chakula, na hoteli ikibidi kulala, bado ni haki yako. Wanaosubiri kuletewa hukaa na njaa. Nenda dirishani uulize, na risiti zote zitunze. Unachohitaji ni kadi ya kupandia ndege na barua pepe, wala huhitaji wakala wa kukukata asilimia.

Nikae upande gani nione vizuri?

Kwenda London, kaa kulia. Mara nyingi ndege huishukia Heathrow kutoka mashariki, na katikati yote ya jiji inapita chini ya dirisha, Thames ikijipinda kama nyoka. Ikiwa upepo umegeuka siku hiyo utaona mashamba tu. Kuja Amsterdam mwishoni mwa Aprili upande wowote ni sawa, maana mashamba ya maua ya upande wa Lisse yanaonekana kama khanga zilizoanikwa.

Njia hii ilianza lini?

Tarehe 17 Mei 1920. Ndege ya kwanza ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, iliondoka Croydon, kusini mwa London, ikatua Schiphol, rubani akiwa Mwingereza Jerry Shaw. Ilikuwa ya kukodi, aina ya Airco DH.16, na ndani kulikuwa na waandishi wa habari wawili, furushi la magazeti, na barua ya meya wa London kwa meya wa Amsterdam. Viza hakuna aliyeitaja.